Ulingo wa Upande wa Upepo

Gitonga alifanya mtihani wa usalama wa bunduki akiwa katikati ya watoto wa miaka kumi na mmoja, magoti yakimgusa kidevu kwa udogo wa kiti, na akawa wa pili. Wa kwanza alikuwa msichana mwenye meno ya waya aliyemaliza robo saa kabla yake, akamgeukia kwa huruma: "Usijali, ukifeli unaruhusiwa kurudia." Hakufeli. Alitoka na kadi yake mkononi kama mtu aliyekabidhiwa hatimiliki ya shamba, akaingia garini, akampigia dada yake Nkirote kule Oakdale, hapohapo Minnesota.

"Nimepita."

"Usipite kwangu, nimetoka shifti, nalala."

"Nimepita mtihani, dada. Naruhusiwa kuwinda."

"Wewe? Wewe uliyemlilia jogoo wa Krismasi mpaka ukoo mzima ukala maharagwe?"

"Jumamosi ya kwanza ya msimu, Novemba. Nataka uje tukae wote juu ya mti."

"Gitonga. Jumatatu yake nahama. Nyumba yangu yote iko ndani ya maboksi, hata mwiko nautafuta kama mtoto aliyepotea sokoni. Nikapande mti nikatafute nini?"

"Kuna kiti," akasema Gitonga. "Cha watu wawili."

Hapo ndipo dada alipoacha kumtania, maana sauti ya mdogo wake ilikuwa imeshuka kidogo, na yeye ndiye aliyemlea, aliijua sauti hiyo. Akasema ataangalia. Kwa Nkirote, kusema ataangalia ni sawa na wengine kutia sahihi.

Alikuwa anahamia Dallas. Mume wake, Solomon, alipata kazi huko tangu Agosti, akatangulia na watoto ili wasichelewe shule. Nkirote akabaki kumalizia notisi kwenye nyumba ya wazee alikofanya kazi miaka tisa. Minane kati ya miaka hiyo, yeye na Gitonga walikaa mji mmoja, mwendo wa nusu saa kwa gari, na kama ungejumlisha saa walizokaa pamoja bila mmoja wao kusinzia usingepata wiki mbili. Huyu akitoka kazini, yule anaingia. Walijuana kwa meseji na kwa sufuria za mukimo zilizoachwa mlangoni.

Sasa Gitonga alikuwa na neno moja la kumwambia kabla hajaondoka, neno alilolibeba tangu akiwa na miaka saba, na kwa sasa ana thelathini na mbili.

Kwao ni kule chini ya mji wa Maua, mahali ambapo mashamba yanaisha na pori la mbuga linaanza, na shamba lao lilikuwa la mwisho kabisa, kama mtu aliyekaa karibu na mlango kwenye harusi: kila anayeingia anaanza kwake. Nguruwe mwitu walilijua shamba hilo kuliko mwalimu wa kilimo. Basi baba yao akajenga ulingo: nguzo nne za mti, sakafu ya fito, paa la nyasi, ngazi iliyokosa kidato cha tatu. Usiku alilinda yeye. Alfajiri aliposhuka kwenda kukamua, walipanda watoto wawili, Nkirote wa miaka kumi na miwili na Gitonga wa saba, na debe moja, fimbo mbili, na shuka moja la kugombania. Kazi yao ilikuwa kelele. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza Gitonga kuifanya duniani, na mpaka leo anaamini ndiyo pekee iliyolingana na kipaji chake.

Ukimwuliza anakumbuka nini, hataanza na nguruwe. Ataanza na harufu ya mahindi yenye umande, kali na tamu. Kisha moshi wa kinyesi cha ng'ombe kilichokuwa kikifuka chini ya ulingo. Kisha sauti ya dada yake ikimhesabia milio ya kanga, na bega lake, ambalo lilikuwa mto wake wa kwanza. Kulipopambazuka waliona vilima vya Nyambene vikijitokeza kimoja kimoja, na Nkirote alidai kwamba yeye ndiye anayeviita.

Januari moja, walipitiwa na usingizi. Walipoamka, nusu ya shamba ilikuwa imelala pia. Baba hakuuliza nani alisinzia kwanza. Mkubwa ni mkubwa. Nkirote alikula viboko sita, na safari yake ya Pasaka ya kwenda Nanyuki kwa shangazi Dinah kuona ndege zikiruka, safari aliyoihesabia siku tangu mwaka uliotangulia, ikafutwa. Gitonga alikuwa nyuma ya ghala, amejiziba masikio. Alijua aliyesinzia ni yeye. Alikumbuka vizuri macho yake yakifumba, na dada akiwa bado ameketi wima. Hakutoka. Hakusema.

Miaka ishirini na mitano hakuwahi kusema pole. Alijaribu kwenye harusi ya Nkirote, akaishia kusifu pilau. Alijaribu uwanja wa ndege siku dada alipompokea Minneapolis, akaishia kulalamikia baridi. Na kwa kuwa mkono mtupu haulambwi, aliamua kichwani mwake kwamba neno lile litasemwa juu ya nyama. Atamwangusha kulungu mbele ya dada yake, atampa paja la kwanza, na akiwa bado ana damu mikononi, kama mwanaume, atasema. Bila kulungu, alijijua, atasifu hali ya hewa.

Mahali alipata kwa Eugene, fundi wa boila mstaafu wa hospitali ya Coon Rapids, ambapo Gitonga ni msaidizi wa wauguzi. Eugene alikuwa na ekari arobaini kaskazini ya Anoka: shamba la soya, msitu wa mialoni, na kinamasi nyuma. Mti uliokuwa na kiti chake cha zamani ulikuwa umekauka kwa wadudu, hivyo alinunua kiti kipya chenye ngazi ya chuma. "Chagua mahali," akamwambia Gitonga mwezi wa kumi. "Jumamosi ya kwanza ni yako. Baada ya hapo wanakuja wakwe zangu, na wakwe zangu huongea."

Jumamosi moja tu, basi. Gitonga akalizunguka shamba lile siku nzima, mikono nyuma, kama chifu anayekagua bwawa. Aliona njia ya kulungu ikitoka kwenye kinamasi, ikipita mialoni, ikiingia kwenye soya. Aliona kinyesi chao, punje nyeusi kama maharagwe. Aliona mti uliochubuliwa gome na pembe. Kisha akapanda kijilima kilichokuwa kaskazini-magharibi ya vyote hivyo, penye mwaloni mmoja uliosimama peke yake, na moyo wake ukasema: hapa. Hakuweza kueleza kwa nini. Upepo ulimpiga mgongoni, shamba lote likalala mbele yake kama mkeka, kila mlango wa mnyama ukionekana. Mwili wake wote ulipatambua.

"Hapa," akasema.

Eugene akavua kofia, akajikuna, akavaa kofia. "Mh," akasema. "Hiyo ni tofauti."

Ndugu msomaji, Gitonga alikuwa ameishi Minnesota miaka minane na bado hakujua kwamba mtu wa huko hawezi kukwambia hapana hata ukiwa unaegesha gari juu ya mguu wake. "Hiyo ni tofauti" ndiyo hapana yenyewe, imevaa koti. Gitonga akaona amesifiwa. Wakasimamisha ngazi, wakaifunga kwa mikanda, Eugene akaaga kwa dakika arobaini na tano, nusu yake akiwa ameshika kitasa cha mlango wa gari, akaondoka.

Wiki mbili zilizofuata Gitonga alikwenda mara tatu kukaa juu, bila bunduki, kupima tu. Kila mara aliona kitu kilekile: kwa mbali kabisa, pembeni mwa mialoni, kulungu anainua kichwa, anapiga chafya ya hasira, halafu mkia mweupe juu, anaondoka akimpungia kama mtu anayeaga kwa leso. Muriuki, rafiki yake wa kanisani ambaye hajawahi kuwinda hata panya, alimweleza kwamba kulungu wa siku hizi wamesoma. Gitonga akaanza kukosa usingizi.

Jumapili ya mwisho ya Oktoba, baada ya ibada, akamchukua Nkirote akapaone. Nkirote alikuwa na koti lake la kazini na viatu vya kanisani, akipanda ngazi huku akilaani chuma kila kidato. Akakaa. Akashusha pumzi. Akatazama mbele, kulia, kushoto. Upepo uliwatoka mgongoni, ukachukua harufu ya losheni yake ukaipeleka shambani kote.

Kisha mabega yakaanza kumtikisika.

"Unalia?" Gitonga akauliza kwa hofu.

"Nalia nini! Nacheka. Gitonga, wewe! Umejenga ulingo wa baba!"

"Ulingo gani, hiki ni kiti cha..."

"Nisikilize, wewe mwenye kadi. Baba aliuweka wapi ulingo? Upande upepo unakotoka. Kwa nini? Ili moshi, na jasho lake, na harufu ya sisi watoto tusiooga, vyote viwafikie nguruwe mapema. Aliuweka juu, peupe. Kwa nini? Ili watuone waogope. Mahali hapa ni pazuri mno, ndugu yangu. Hapa hapaliwi hata soya moja mpaka Yesu arudi. Umekuja kuwinda au kulinda?"

Gitonga aliona yote kwa mara moja: zile mara tatu, zile chafya, ile mikia. Alikuwa amekwenda pale kwa bidii, kwa mafuta ya gari yake, kumlindia Eugene soya.

"Na Eugene aliniambia ni tofauti," akasema polepole.

Nkirote akacheka mpaka ikabidi ashike mkanda wa kiti. Alikuwa amefanya kazi na wazee wa Minnesota miaka tisa. "Alikuambia tofauti, na wewe ukafurahi! Maskini mzee wa watu, huenda hakulala wiki nzima."

Walibaki juu pale hadi jua likaanza kuinama, na kuchagua mahali kukawa mchezo. Nkirote alitaja sheria moja ya baba, Gitonga akaipindua ndani nje kama soksi. Baba alisema kaa juu ya kilima. Basi sisi bondeni. Baba alisema peupe. Basi kwenye vichaka. Baba alisema upepo uwe mgongoni. Basi uwe usoni. Baba alisema washa moto. "Basi tusikoge na sabuni ya maua," akasema Gitonga, na dada akamwangalia vibaya. Kila sheria ilikuja na kipande chake: kidato cha tatu kilichokosekana, debe la mafuta lililokuwa na picha ya ng'ombe, jinsi baba alivyokohoa mara mbili kabla ya kupanda ili wasimpigie kelele yeye. Alikuwa na miaka kumi kaburini, baba, na jioni ile alikohoa tena pale chini ya mwaloni wa watu, wote wawili wakamsikia.

Gitonga alitaka kusema lile neno hapohapo. "Hewa ni nzuri," akasema.

Walipomwonyesha Eugene mahali papya, kusini-mashariki ya njia, bondeni, nyuma ya miti michanga iliyosongamana ambapo huoni zaidi ya hatua mia, mzee alitazama njia, akatazama mawingu, akaitikia kwa kichwa taratibu. "Si mbaya," akasema, na Nkirote akamfinya mdogo wake mkono, maana hiyo kwa kipimo cha pale ilikuwa vigelegele.

Jumamosi ilipofika walikuwa juu ya kiti, ambacho sasa kilikuwa kimehamishiwa bondeni, kabla ya kupambazuka, wote wawili wamevaa fulana za rangi ya machungwa zinazong'aa, kwa sheria, kama wafagiaji wawili wa barabara waliopotea. Nkirote hakuwa na kadi. Alikuja na thamosi ya chuma yenye chai ya tangawizi na amri ya kutoongea. Usiku aliviringisha vyombo kwenye magazeti mpaka saa saba. Jumatatu asubuhi lori. Gitonga alijua hesabu hiyo kila pumzi: ni leo, na ni asubuhi hii.

Baridi ilikuwa ya kuuma meno. Upepo uliwajia usoni, mwembamba, ukiwaletea harufu ya majani yaliyooza na ya kinamasi. Mwanga ukaja kidogo kidogo. Mti ukajitenga na mti. Nkirote akasogea, bega likagusana na bega, na Gitonga akahisi ameshuka ngazi ndefu ya miaka bila kukanyaga kidato.

Saa moja na nusu, kulungu akatoka. Dume, pembe zenye ncha nane, shingo imevimba, akija kwa njia ileile waliyoisema, pua chini, bila habari. Hatua themanini. Sitini. Gitonga akainua bunduki taratibu kama alivyofundishwa pamoja na wale watoto. Pumzi ndani. Hamsini. Mnyama akanyoosha shingo kuelekea kwenye soya, akapiga hatua moja ya kuingia shambani mwa watu.

Nkirote akasimama.

"Haaaaaa-iii! Huuu! Tokaaa! Toka hukooo!" Na thamosi ikaanza kugonga ngazi ya chuma, ga-ga-ga-ga-ga, mlio wa debe kamili, mlio uliovuka bahari na miaka ishirini na mitano bila kupoteza pigo moja. Kulungu aliruka juu kama aliyekanyaga moto, akageuka angali hewani. Nyuma yake walitimka wengine watatu ambao hata hawakuwa wamewaona. Mikia minne. Halafu kimya, na kunguru mmoja akiuliza kuna nini.

Nkirote alibaki amesimama, thamosi juu, mdomo wazi. Akageuka polepole.

"Mungu wangu," akasema. "Gitonga. Sijui nini kimenishika. Ameingia shambani, na mimi... Mungu wangu. Mdogo wangu, nisamehe. Umefanya mtihani, umenunua makoti, nimekuharibia. Kweli nisamehe."

Gitonga alikuwa ameweka kilinzi cha bunduki isifyatuke, ameilaza magotini. Alitaka kucheka, na kicheko kilikuwa tayari kifuani, lakini kilichotangulia kutoka kilikuwa kitu kingine. Maana dada yake alikuwa ameomba msamaha mara mbili ndani ya pumzi moja, mikono mitupu, kwa kosa la nusu dakika.

"Ni mimi niliyelala," akasema.

"Nini?"

"Ile Januari. Nguruwe. Ni mimi niliyelala, na wewe ukapigwa, na Nanyuki hukwenda. Nilikuwa nyuma ya ghala. Nilisikia vyote sita. Sikutoka. Pole, dada. Nilitaka nikuambie leo juu ya nyama. Sina nyama. Pole."

Nkirote akakaa. Ngazi ikatikisika. Alimtazama mdogo wake, ambaye kofia ya machungwa ilikuwa imemshuka hadi kwenye nyusi, machozi na kamasi za baridi zikishindana mbio.

"Umeibeba hiyo mpaka leo?"

"Mpaka leo."

"Gitonga, nilikulaza mimi."

Akamrudishia kofia juu ya paji la uso.

"Ulikuwa unauliza maswali. Nguruwe wana kanisa? Nguruwe akipiga chafya anaambiwa afya? Alfajiri nzima! Nikakufunika shuka lote nikakupigapiga mgongo mpaka ukalala, ili nipumue. Halafu kimya kikawa kitamu, nikalala mimi. Viboko vile vilikuwa vyangu halali. Baba kwa mara moja maishani alimpata mwenye kosa."

"Na hukuniambia?"

"Kesho yake ulinichotea maji bila kutumwa. Na kesho yake. Ukanichotea maji miaka minne, Gitonga, ukaniachia na nyama yako. Nani angekuambia? Ungekuwa wewe ungesema?" Akajifuta pua kwa glavu. "Baadaye nikasahau. Nikafikiri una roho nzuri tu. Na Nanyuki nilikuja kwenda nikiwa mkubwa. Ndege zenyewe ndogo!"

Hapo sasa kicheko kikatoka, cha wote wawili, kikubwa, bila adabu, kiasi kwamba kama kulikuwa na kulungu aliyebaki katika wilaya ile aliandika barua ya kuhama. Wakacheka mpaka wakaegemeana, na walipomaliza hawakuachana. Nkirote akamimina chai. Thamosi ilikuwa imebonyea upande mmoja lakini ilishika moto wake.

Walikunywa. Jua likapanda juu ya mialoni, baridi ikalegea kidogo. Kwa mbali, kupitia mwanya wa miti, kwenye ua wa nyumba, Eugene alikuwa ametoka na koti juu ya pajama, akitazama upande wao, mkono juu ya macho. Bila shaka alikuwa anatafuta neno la upole.

"Dallas kuna kulungu?" Gitonga akauliza.

"Kuna joto," akasema Nkirote. "Na kuna ndege ya mwendo wa saa mbili na nusu tu." Akanywa tena, akitazama msitu kwa jicho jembamba, jicho la mtu anayenunua ng'ombe. "Mwakani, nikija, hapa hatukai."

"Hapa pana kasoro gani? Eugene amesema si mbaya!"

"Hapa pako karibu na soya. Nikiona mnyama anaingia kwenye chakula cha mtu nitapiga kelele tena, hata mwakani, hata nikiwa bibi. Twende ndani zaidi, pasipo na shamba." Tayari alikuwa anashuka, kidato kwa kidato, akitafuta kinachofuata kwa ncha ya kiatu. "Shuka. Lete na hiyo bunduki yako, polepole. Ile miti ya kule kando ya kinamasi, unaiona? Ile iliyoinama."

"Kule kuna maji, dada."

"Maji hadi wapi?"

"Hadi magotini."

"Basi upande wa pili wake," akasema Nkirote, akiwa ameshaanza kutembea. "Njoo uangalie, acha kubishana na mkubwa."